Muvi Mbao, Dishi Juu Yako

Ukitumiwa meseji na msee wa Garsen, "leo muvi", usianze kupiga pasi ile shati umeficha ya harusi. Huku hakuna bisi za kubebwa na ndoo, hakuna viti vya kubonyea, hakuna mtu wa kukumulikia tochi akuonyeshe pa kukaa. Kuna kibanda cha mabati, mabenchi, TV kubwa imefungwa na chuma ndio isitembee usiku, wufa mbili za kutetemesha ukuta, na pazia nzito mlangoni ya kuzuia jua na pia macho ya wenye hawajalipa. Hapo mlangoni kuna chali mwenye anajua deni ya kila mtu hii tao. Unatoa mbao, unaingia. Kukiwa na gemu ya Arsenal mbao inageuka finje, na hakuna cha kubembelezana.

Na hiyo muvi ndio nusu ndogo ya plani. Mbogi yetu ikijipanga, swali ya kwanza si "wanaweka gani?" Swali ya kwanza ni "tunadishi wapi?", alafu ya pili, yenye huulizwa na sauti ya chini, "nani ako na ganji?" Muvi inakuja namba tatu. Mimi naona hivi: huku tunaendanga muvi ju tunataka kukaa na watu, na dishi ndio inafanya watu wakubali kutoka kejani. Muvi yenyewe ni kisingizio. Kisingizio poa, lakini kisingizio.

Garsen ni tao ya barabara. Ukitoka Malindi unakata kilomita 100 na ushee za jua, unapita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, unapita vichaka mpaka unachoka kuangalia dirisha, alafu unaland. Ukienda juu ni Hola na Garissa. Ukivuka daraja ya Tana pale Idsowe, uko njia ya Witu na Lamu. Minjila iko hapo tu, nduthi inakufikisha kabla stori iishe. Kwa hivyo hii place imezoea watu wa kupita: dere wa lori, wasee wa kupeleka ng'ombe mnadani, mwalimu anarudi kazi baada ya likizo, mama ako na magunia ya maembe na jicho moja kwa kila gari inakuja. Msee wa safari hataki mapambo. Anataka chakula moto, chai, pa kuchaji simu na choo. Ndio maana sinema hatuna lakini hoteli ziko. Zilijengewa abiria, sisi tumejikaribisha tu.

Ndio utaona kitu ya kuchekesha hapa kwetu: msee ametoa dem wake, amevaa fiti, amejipaka mafuta mazuri, wamekaa kwa meza ya kona, na nyuma yao makanga anahesabu chenji kwa sauti na mtoi wa abiria anatapika mahamri. Mapenzi inaendelea tu. Mkitaka utulivu mnangoja gari ya Mombasa iondoke, ndio mnapata kama nusu saa ya kuskizana kabla ingine iingie.

Sasa dishi yenyewe. Kama ni mimi nakupeleka, tutapita mahali penye huwezi jua ni hoteli, ju hakuna bango. Kuna moshi na kuna mama. Mama ako na sufuria tatu, na kila moja iko na mfuniko umewekewa jiwe. Ya kwanza ni wali wa nazi, ile yenye mchele umeshikana kidogo chini na ukikwaruza unapata ukoko. Ya pili ni maharagwe ya nazi ama mbaazi, inategemea amepata nini soko. Ya tatu usiulize, subiri afunue. Siku poa ni samaki wa Shakababo ama ziwa lingine hapa delta: kambare amekatwa vipande vinono, amekaangwa kwanza alafu akatumbukizwa kwa nyanya, ndimu na pilipili ya kuamsha wafu. Tilapia yeye analetwa mzima, kichwa na mkia, na kuna heshima ya kumla. Ukiacha shavu la samaki kwa sahani, mama anakuangalia kama mgeni wa Nairobi.

Wali ya hapa pia iko na stori yake. Hii delta ilitakiwa kulisha nchi. Kulikuwa na mradi mkubwa wa mpunga wa shirika la TARDA kule upande wa Gamba, mitaro na mashine na kila kitu, alafu El Niño ya 1997 ikakuja ikafagia. Wazee bado wanaongea juu ya hiyo maji wakiwa kwa baraza la kahawa. So ukidishi wali Garsen inaweza kuwa ya mtu wa shamba la kando ya mto, ama inaweza kuwa imekuja na lori kutoka mbali kuliko wewe. Mama hatakuambia. Wapokomo wa rika ya nyanya yangu wanajua wakionja tu.

Alafu chai. Kuna mama wa Kiorma wanakaa kando ya barabara na vibuyu na madebe ya maziwa, na hiyo maziwa ndio inaingia kwa sufuria ya chai bila kuonyeshwa maji mingi. Ukibahatika upate yenye ilikuwa kwa chombo cha kufukizwa moshi, utaskia hiyo moshi nyuma ya sukari. Kuna wasee hawaipendi. Hao ni wale hukunywa chai ya mfuko wakisema ni nzuri kwa ngozi.

Meza ya Garsen ukiiangalia vizuri ni ramani. Samaki na ndizi za Mpokomo, maziwa na nyama ya Muorma, anjera ya Msomali asubuhi, mahamri yenye Mbajuni na Mgiriama bado wanabishania nani alifundisha nani, ugali ya Mjaluo mwenye alikuja kuvua akasahau kurudi. Ijumaa baada ya swala pilau inatoka kwa sufuria za ukweli na tao yote inanukia bizari. Na ata ukiwa umelewa Sheng namna gani, ukipita mbele ya baraza la wazee unasimamisha mdomo: "Salaam aleikum." Wanaitikia, unauliza hali, unaambiwa msalimie baba yako, ndio Sheng inaruhusiwa kurudi kazini.

Sisemi hiyo meza ilikuwa hivyo siku zote. Agosti mpaka Septemba 2012, na tena Desemba, hii delta iliwaka kwa vita vya Wapokomo na Waorma. Vijiji kama Riketa na Kilelengwani vilijulikana duniani kwa sababu mbaya, watu zaidi ya 100 wakafa, na Rais Kibaki akaweka kafyu ya kutoka jioni mpaka asubuhi. Nilikuwa mtoi wa primo. Kenye nakumbuka ni vile watu walianza kudishi kwao tu, kila mtu na hoteli ya watu wake. Hakuna mtu alitangaza. Ilitokea tu. Na hakuna mtu alitangaza ikiisha pia. Siku moja unaona mzee wa Kiorma amerudi kwa benchi ya mama Mpokomo, ameagiza chai, anauliza sukari iko wapi kama mwenye hakuwahi kuondoka.

Alafu 2014, baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni, Julai station ya polisi ya Gamba nayo ikashambuliwa, barabara ya Lamu ikawa ya kusafiri na makarao mbele na nyuma. Halafu 2020 Korona ikaleta kafyu ingine mpaka Oktoba 2021. Ukichanganya zote, unapata tao yenye imezoea kufunga mapema. Nadhani hapo ndio muvi zetu zilipata hii tabia ya kuchezwa mchana. Huko Nairobi muvi ni ya usiku. Hapa show tamu ni ya saa tisa, nje jua linakaanga mawe, ndani giza ya pazia na jasho ya mbogi nzima. Saa moja jioni mwenye kibanda anaanza kuangalia saa, na wewe mathe amekupigia mara ya pili.

Turudi ndani basi. Muvi ya kibanda bila DJ ni watu wanapigana tu kimya. Kuna wasee wa Nairobi hawaelewi hii, wanadhani tunaweka DJ Afro ju hatujui kizungu. Kizungu tunajua, tulifeli nayo mtihani. DJ Afro tunamweka ju anakaa na sisi. Anachukua Jackie Chan anampa jina la mtaani, anamtoa Hong Kong anamweka kwa stori ya deni na mapenzi na chama, na adui akipigwa anakuambia mbona alistahili. Si yeye pekee aliianza hii maneno. Dar walikuwa na Lufufu, sauti nzito yenye kila mtu wa umri fulani anaweza kuiga. Uganda wako na VJ Jingo na wenzake. Afrika Mashariki yote imekataa kuangalia muvi bila mtu wa kuisimulia, na mimi naona hapo hatukukosea, ju hadithi bila mtambaji ni nini?

Ata sinema ya ukweli imeiona hii. Kuna Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ya katoto kagonjwa kanapenda muvi za masuperhiro, na ndani yake kuna kibanda cha video na msee wa kusimulia, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea huyo mtoi muvi yake. Ukiangalia hiyo ukiwa umelelewa kwa mabenchi kama yetu, unajua mwandishi hakudanganya. Mimi nililia. Nilisema ni pilipili ya kambare.

Kwa benchi kuna sheria. Mwenye ameshaiona muvi anakaa nyuma, ju mbele ataharibia watu. Hiyo sheria haijawahi kufuatwa. Huwa kuna chali mmoja mbele anamaliza sentensi za DJ Afro kabla DJ azimalize, na kila mtu anamrushia maganda ya njugu, na bado akikosa kuja tunauliza yuko wapi. Steringi akikaribia kupigwa, watu wote wanasimama. Stima ikipotea katikati, na inapoteanga kweli, ata kama ile laini kubwa ya Rabai kwenda Lamu inapita hapa Garsen, giza inabaki na sauti za watu wanabishana vile itaisha. Nimewahi pata muvi zenye mwisho wa kwenye benchi ulikuwa mtamu kuliko wenye ulikuja stima ikirudi.

Muvi zinatoka wapi? Duka la simu, kompyuta moja, fulashi yako, unachagua kwa orodha. Moja ni pesa ya njugu, series ya msimu mzima ni ya soda. Kuna wakati Netflix walikuwa wametupatia ya bure kwa simu, tangu Septemba 2021, tukajiona tumefika, alafu Novemba 2023 wakaizima. Lakini bando ndio ilikuwa inatumaliza ata kabla ya hapo. Nani ataweka bando ya soo mbili kuangalia muvi peke yake kwa skrini ya kiganja, na mbao inakupatia TV kubwa na watu wa kupiga kelele nao?

Gemu ndio adui wa muvi. Jumamosi na Jumapili kibanda ni cha ligi ya Uingereza, na muvi inasukumwa mpaka katikati ya wiki wakati hakuna mwenye ako na ganji. Lakini mpira ndio ulinifungua macho kwa kitu fulani. Agosti 2025, CHAN ikiwa Kenya, Tanzania na Uganda, Harambee Stars walipiga Morocco moja bila pale Kasarani, na Garsen ikawa haikai ndani. Vibanda vilijaa mpaka TV zikatolewa nje mbele ya maduka. Ogam alipofunga nilikumbatiwa na mtu simjui mpaka leo. Alafu nikageuka nikaona kitu: mathe wangu alikuwa hapo. Siz alikuwa hapo. Mama wa samaki alikuwa amefunga sufuria akakuja. Wadada wa shule, shosho wa jirani na kiti chake cha plastiki. Wote wanapiga nduru. Kwa taimu yote nimekuwa nikiingia kibanda cha muvi, sikuwahi kuona mmoja wao ndani.

Madagascar walitutoa kwa penalti kwa robo fainali, TV zikarudi ndani, pazia ikarudi, na hao wote wakarudi nyumbani.

Hiyo sasa ndio shida yangu na muvi ya Garsen, na nitaisema ata kama mbogi itaninunia. Kibanda ni cha machali. Hakuna sheria imeandikwa, lakini msichana akiingia pale saa tisa, kufika saa kumi na moja habari ishafika kwao, na imeongezwa chumvi. Kwa familia za dini, na huku ni karibu zote, hiyo ni kesi. Kuna pia harufu ya jaba, lugha chafu, na wale wa kubana watu kwa benchi. Bodi ya filamu, KFCB, inataka kibanda kiwe na leseni na watoi wasionyeshwe muvi za wakubwa, poa, lakini hakuna leseni ya kumfanya siz akae kwa amani. Kwa hivyo wao wanaangalia nyumbani. Mathe na majirani zake walikuwa na Sultana ya Citizen, iliyoanza 2022, stori ya huku huku Pwani, na hiyo saa ikifika usimuulize ata chumvi iko wapi. Sebule inajaa. Kila mmoja anakuja na kitu: huyu kaimati, huyu viazi karai, huyu amebeba mtoto tu lakini ako na umbea. Ukiniuliza, hiyo sebule ndio sinema poa kuliko zote Garsen, na mimi sikaribishwi.

Lakini kwani walikosana wapi, wanawake wa Pwani na sinema? Ju zamani hawakukosana. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima, Reel Pleasures, 2018, juu ya sinema za Tanzania. Zanzibar walikuwa na jumba la Royal tangu 1921, limejengwa na Hassanali Adamjee Jariwalla, na Jumapili ilikuwa siku ya familia: watu wanaoga, wanavaa, wanajaza ukumbi, baba, mama, watoto, wanalilia muvi ya Kihindi kama Awara ya Raj Kapoor ya 1951 mpaka leso inakuwa maji. Na kulikuwa na show za wanawake peke yao. Mchana, milango imefungwa, hakuna dume ndani, buibui zinavuliwa, watoto wanalala mapajani. Hao ni Waislamu kama sisi, bahari ni hii hii. Kwa hivyo mtu asiniambie dini ndio imekataa. Dini haijakataa. Ni pazia tu, na vile tumepanga mabenchi.

Wenye wako na uwezo wanatoroka. Idd ikifika, familia yetu inabebana mpaka Malindi. Hiyo siku haifanani na zingine. Watoi wamevaa nguo zenye bado ziko na mistari ya kukunjwa, mathe amepika vitu vya kudishi njiani kama ni safari ya Makka, fathe amekaa mbele na dere. Tukipita pale njia ya Ngomeni inapokata, mzee hakosi kuwaambia watoi vile hapo baharini Wataliano walirusha setilaiti ikaitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, na watoi hawakosi kumuuliza kama waliirusha na manati. Malindi ni ya Wataliano kweli, kwa hivyo unapata aiskrimu ya maana, pizza yenye siz anaipiga picha kuliko anavyoila, na ufuo penye mathe anakunja buibui kidogo, anaweka miguu kwa maji, anasema imetosha na haitoki kwa nusu saa.

Lakini ata Malindi siwapeleki muvi. Kwa jumba la ukweli, lenye skrini ya ukuta mzima, tunaenda mpaka Nyali Cinemax, Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, tiketi, dishi, pa kulala ju gari ya kurudi imeenda. Hiyo muvi ishakuwa karo. Nilienda na kazin yangu wa huko. Sauti kali, baridi kali, kiti kinakumeza. Lakini steringi alipoingiliwa na maadui nikasema kwa sauti "we, nyuma yako!", na mstari mzima ukageuka kuniangalia. Hakuna mtu anasema kitu. Watu wamelipa jirongo kukaa kimya! Tulipotoka tukashuka Mama Ngina, tukakula mihogo ya kuchoma na ndimu na pilipili, dafu juu, upepo wa kivuko, kazin ananisimulia muvi yenye tumetoka kuona sote wawili. Hapo ndio nikaanza kuifurahia.

So sasa tuko na plani. Ilianza kama utani wa siz, kwamba kama watu wa mpira waliweza kutoa TV nje, si yeye anaweza kuingiza muvi ndani? Uwanja wa nyumbani kwetu uko na ua wa makuti pande tatu na ukuta mmoja mweupe wa jirani. Projekta iko, ni ya mwalimu mmoja, anataka tu irudi bila mchanga. Shuka jeupe liko. Ni siku ya Jumamosi baada ya magharibi, wakina mama na wasichana na watoi, wavulana wakipita urefu wa ndoo wabaki nje.

Kamati imekaa, na kama kila kamati ya huku, imekaa sana juu ya dishi na kidogo juu ya muvi. Mathe alitaka ya Kihindi, ya kulia. Siz alitaka ya mazimwi, akanyimwa ju shosho ako na presha. Mimi nilipendekeza Mvera ya Daudi Anguka, ju ni ya Pwani na ndio Kenya iliichagua 2023 kutuwakilisha Oscar, nikaambiwa asante, na kwani nani amekualika kwa kamati? Wamekubaliana ya Kihindi kwanza, alafu Supa Modo. DJ Afro amekataliwa, lugha yake si ya mbele ya watoi. Siz atasimulia yeye mwenyewe. Amekuwa akifanya mazoezi jikoni, anampa mwizi wa kwenye muvi jina la jamaa fulani tunamjua wote, na mathe anacheka mpaka anashika meza alafu anamwambia hiyo jina aitoe.

Kaimati ni za mama jirani. Mama wa samaki ametoa kambare wa bei ya nyumbani lakini sufuria arudishiwe siku hiyo hiyo. Shosho ameahidi maembe, ngowe na boribo, kama nyani watakuwa wamemwachia. Wakina mama wa maziwa wametumiwa ujumbe na wamesema wanakuja na watoto wao, chai ni juu yao. Kiingilio ni mbao, na mwenye hana mbao alete kuni.

Sisi machali tumepewa kazi: kubeba mabenchi, kuwasha jenereta stima ikihepa, alafu tukae nje ya geti tuzuie wavulana wengine wasipande ua. Tumeuliza kuhusu dishi yetu. Mathe amesema sahani zitapitishwa juu ya makuti, na mwenye atachungulia hapewi kitu.